Bima kubwa isiyokuwa kubwa

Barua ya bima ya gari ilikuja Januari nikaiweka juu ya friji, ikakaa huko wiki mbili. Siku niliyoifungua nikakuta malipo ya miezi 6 yamepanda kwa dola 118, na sijagonga hata pipa la taka. Nikampigia mwanangu. Akanijibu huku anakula, “Mama, si una bima kubwa? Lipa tu yaishe.”

Na mimi nilikuwa najua hivyo hivyo kwa miaka yote niliyokaa hapa Minnesota. Tulikotoka tulizoea bima ndogo na bima kubwa, ukikata kubwa unalala usingizi. Marekani hakuna kitu hicho. Hiyo tunayoiita kubwa ni vipande vitano au sita vilivyoshonwa pamoja, kila kimoja kina bei yake na kikomo chake. Unaweza ukawa na vipande vyote na bado vikomo vyake vikawa vile vya chini kabisa vinavyokubalika kisheria. Hivyo ndivyo ilivyokuwa yangu. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akishughulika na mambo hayo, na mimi baada yake nikawa nalipa tu bila kusoma.

Basi nikavaa miwani, nikachukua kalamu nyekundu, nikaketi na ile karatasi ya mbele inayoorodhesha vipande vyote. Mstari wa kwanza: 30/60/10. Yaani nikimgonga mtu, bima yangu itamlipa majeruhi mmoja mpaka dola 30,000, majeruhi wote kwa pamoja mpaka 60,000, na mali niliyoharibu mpaka 10,000. Hizo 10,000 ndizo zilizonitoa jasho. Simama kwenye taa nyekundu yoyote, angalia magari yaliyokuzunguka, uniambie ni mangapi yanatengenezeka kwa pesa hizo yakivunjwa ubavu mzima. Kinachozidi anadaiwa aliyegonga. Kijana wa miaka 22 aliyepanga chumba watamdai nini? Mimi nina nyumba ambayo mkopo wake tumeumaliza na akiba ya kustaafu niliyoiweka zamu kwa zamu, nyingine za usiku. Mwanasheria wa aliyeumia hatahangaika na gari langu bovu, ataangalia nina kingine gani.

Nilipandisha mpaka 250/500/100. Nilidhani nitazimia nikisikia bei, kumbe ongezeko lilikuwa dogo kuliko nilichokuwa nalipia kipande kingine kisicho na maana. Nitakifikia.

Kipande cha pili kinachomhusu mtu mzima ni cha kujikinga na dereva asiye na bima, au aliye nayo kiduchu. Sheria ya hapa inakulazimisha uwe nacho, lakini kwa 25/50 tu. Fikiria umri wako. Ajali ambayo kijana anatoka akijipangusa vumbi, sisi wazee tunatoka na nyonga iliyovunjika, halafu miezi ya kujifunza kutembea. Rafiki yangu niliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee aligongwa kwenye njia panda na dereva mwenye bima ya chini kabisa. Pesa za yule dereva ziliisha kabla yeye hajaweza kupanda ngazi za nyumba yake. Hicho nacho nimekipandisha mpaka kulingana na kile cha kwanza.

Halafu kuna bima ya majeraha inayokulipa wewe bila kuuliza nani mwenye kosa. Minnesota ni lazima, na kiwango cha chini ni dola 40,000: 20,000 za matibabu, na 20,000 za mshahara uliopotea na za kumlipa wa kukusaidia kazi za nyumbani. Wenye Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, huwa wanadhani hawaihitaji. Kwa ajali ya gari hii ndiyo inayolipa kwanza, Medicare inakuja nyuma. Ila sikilizeni hapa kwenye mshahara. Sheria ya jimbo inasema aliyefikisha miaka 65, au 60 akiwa amestaafu na anapokea pensheni, asikatiwe bima ya mshahara ambao hatarajiwi kuupata, na bei yake ipunguzwe. Tena kuuliza ni kazi ya wanaouza bima. Mimi nina miaka 71 na sijawahi kuulizwa. Nilipompigia na kumtajia binti wa kampuni ya bima akanyamaza kidogo, akasema, “Subiri nimuulize msimamizi wangu.” Nikasikiliza muziki dakika 14. Aliporudi, kipande hicho cha mshahara kilikuwa kimeshatolewa.

Na hapo hapo tukakuta jambo lingine. Gari lilikuwa bado limeandikwa kwamba linaenda kazini maili 31 kila siku, kwenda tu. Hiyo ilikuwa njia ya mume wangu. Mimi naenda kanisani, kliniki na dukani, mwaka mzima sidhani kama navuka maili 4,000. Bei ikashuka tena.

Sasa kile kipande kisicho na maana. Camry yangu ni ya 2011, na siku hizi haizidi dola 3,500. Nilikuwa nalipa dola 410 kwa mwaka ili itengenezwe nikiigonga mwenyewe, na dola 1,000 za kwanza natoa mfukoni. Kwa hiyo hata ikisagika kabisa ningepata 2,500. Nimekiondoa. Nilichobakiza ni kile cha mengine yote, wizi, moto, mvua ya mawe na kulungu. Msicheke, ambaye hajaendesha jioni ya Novemba huku hajui kulungu anavyotokea. Chenyewe ni bei rahisi. Lakini kama gari lako ni jipya au la mkopo, usiniige.

Yule binti alinipa pia ile programu ya simu inayohesabu unavyofunga breki, ili upunguziwe bei. Nikakataa. Kwenye barafu nafunga breki ninavyojua mimi. Anayeendesha mchana tu, taratibu, huenda ikamfaa.

Kilichobaki ni darasa la udereva salama la wenye miaka 55 na zaidi. Ukilimaliza, kampuni inalazimika kisheria kukupunguzia asilimia 10 kwa miaka 3. Nililisomea kwenye kompyuta kwa siku mbili, na nikagundua nilikuwa napanga vioo vya pembeni vibaya tangu siku ya kwanza nipate leseni. Cheti nikawatumia picha yake.

Mwanangu aliuliza mwishowe nalipa ngapi. Nikamwambia pungufu ya ile barua kwa dola 203. Akakaa kimya, kisha akasema, “Mama, na yangu nikikuletea Jumamosi?” Nimemwambia alete na kalamu nyekundu, yangu imeisha wino.