Mwizi wa Barua Zetu

Miezi miwili nilimnunia jirani wa chini nikiamini anatuibia barua. Kadi ya benki haikufika, ikatumwa ya pili, nayo ikapotea. Hapa Columbus, Ohio, masanduku ya jengo letu yamepangwa ukutani pamoja, na kufuli la kwetu linafunguka hata kwa kijiko. Ushahidi gani tena nilihitaji?

Ushauri sasa! Shemeji akasema nikodi sanduku posta, la kulipia. Mama mmoja wa kanisani akaniambia nimvizie mtu wa posta na soda baridi. Nikavizia siku mbili, nikachelewa kazini siku zote mbili, na soda nikanywa mwenyewe. Wote hao wana miaka kumi na zaidi huku, hakuna aliyenitajia Informed Delivery.

Ni huduma ya bure ya USPS, yaani posta ya Marekani, ilienea nchi nzima 2017. Mashine zinazochambua barua huzipiga picha zikipita, basi picha hizo unatumiwa asubuhi kwa imeili: nyeusi na nyeupe, upande wa anwani tu. Bahasha haifunguliwi, kwa hiyo siri zenu zibaki humo.

Kujisajili kulinitoa jasho. Mtandaoni nilishindwa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, maana hata laini ya simu ina jina la Baba Asha. Njia nyingine ni kutumiwa namba ya siri kwa barua. Kwa barua! Kwenye sanduku lilelile! Nilicheka peke yangu jikoni. Nikaenda posta na kitambulisho, yakaisha.

Halafu ndipo nilipojiona mpelelezi. Nikabandika karatasi kwenye friji: asubuhi naandika kila bahasha niliyoiona pichani, jioni natia tiki iliyofika. Zinaonekana barua za nyumba nzima, hata za mpangaji aliyetutangulia. Faini ya maegesho ya Baba Asha niliijua saa mbili asubuhi, yeye akaificha saa kumi na moja jioni. Nilimwacha ahangaike nayo hadi Jumapili.

Wiki tatu, karatasi imejaa tiki. Nyingine zilichelewa siku moja mbili, na magazeti makubwa yalikuja bila picha, lakini hakuna iliyopotea. Nikasimama mbele ya friji na mwiko mkononi. Kama hakuna kinachoibiwa, na kadi haijaonekana pichani hata siku moja, basi haikuwahi kutumwa kwetu.

Nikapiga simu benki. Wakanisomea anwani: nyumba tuliyohama! Nilikuwa nimejaza pale posta fomu ya kubadili anwani, nikadhani posta na benki wanaambiana. Kumbe benki nyingi huagiza kadi isipelekwe anwani mpya, irudishwe ilikotoka. Mjinga mimi, na kijiko changu.

Kadi ya tatu niliiona kwenye simu Alhamisi nikiwa kazini, bahasha haina hata jina la benki, mtu angeweza kuitupa akidhani ni tangazo. Nikampigia Baba Asha: "Shuka sasa hivi, na usirudi mikono mitupu." Ikaja Ijumaa. Alishuka mara nne.

Jirani nimempelekea sambusa kumi na mbili. Ameshukuru sana, hajui ni za nini.