NW 23

Karatasi ililetwa na kijana wa bodaboda, imekunjwa mara nne kama barua ya posa, asubuhi moja mwishoni mwa Oktoba 2014, kabla sijamaliza kupiga deki. Nilikuwa na steshenari jirani na Mlango Mmoja, mjini Mwanza, kijumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili: mashine ya fotokopi iliyonifikia ikiwa imeshachoka, kompyuta moja, bahasha za kaki, na benchi la wateja ambalo kusema kweli lilikuwa la wazee wa kupiga soga.

"Mtendaji kasema umtolee kumi kumi, hela atakupa mkutanoni."

Hela ya mtendaji yule niliijua. Ningeipata siku samaki wa sanamu wa kipilefti cha mjini atakaporuka kurudi ziwani.

Zilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza picha ya rangi, katikati ya mji itakavyokuwa mradi ukishakamilika: barabara pana isiyo na shimo, nguzo za taa, miti iliyopangwa kama askari wa gwaride, watu wanatembea na mifuko ya madukani. Hakuna meza ya nyanya, hakuna mkokoteni, hakuna hata kuku. Na katikati ya barabara, sambamba na magari, treni. Si treni ya Tabora tunayoijua. Hii ilikuwa fupi, vipande vitatu vilivyounganishwa, vioo vikubwa kama vya duka la simu, inateleza mtaani kana kwamba imezaliwa pale. Karatasi ya pili ilikuwa maneno matupu, herufi ndogo, vifungu kwa vifungu. Nikatoa kumi kumi.

Mteja wa kwanza kuiona picha alikuwa muuza mitumba aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha mwanawe.

"Hii nini?"

"Treni."

"Ya wapi?"

"Ya hapa."

Neno hilo, "ya hapa", nililitamka mimi. Sikuwa na hakika, wala sikuwa nadanganya. Nilikuwa na haraka, na karatasi ilikuwa imenasa kwenye mashine. Lakini kabla ya adhuhuri watu sita walikuwa wamekuja kuulizia "ile kopi ya treni", na kufikia Jumamosi nilikuwa nimetoa zaidi ya mia nne. Kopi ya kawaida ilikuwa shilingi mia. Ya treni nikaiweka mia mbili, hakuna aliyebisha. Nikanunua wino mpya, nikanunua na feni.

Lazima ueleweshwe hali ya mji ilivyokuwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipangwa Desemba 14. Majimbo yetu yote mawili, Nyamagana na Ilemela, yalikuwa mikononi mwa Chadema tangu 2010, vyama vya upinzani vilikuwa vimeshajifunga pamoja kwa jina la Ukawa, na CCM nayo haikuwa imelala. Kila mtu alikuwa anampigia mwenzake hesabu. Halafu huko Dar es Salaam Barabara ya Morogoro ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, na ndugu zetu wa huko walikuwa wanapiga simu kutulalamikia foleni kwa sauti ya mtu anayejisifu. Sasa kama Dar wanapata mabasi, Mwanza yenye ziwa na mawe yake kwa nini isipate treni? Hoja ilijitosheleza.

Siku ya tatu akaja fundi simu mmoja, akataka nimkuzie paji la uso la ile treni, pale penye maandishi. Nikaweka asilimia 200, nikaikuza kopi tena, na tena. Yakatokea, yamechakaa lakini yanasomeka: NW 23. Benchi zima likasimama.

"N ni Nyamagana," mmoja akasema.

"Na W?"

"Wilaya. Nyamagana Wilaya."

"Na 23?"

Kimya kidogo. Kisha yule fundi simu, ambaye tangu siku hiyo aliheshimiwa kama mganga, akasema taratibu: "Mwaka 2023. Ndiyo itakuwa imekamilika."

Watu wakapumua. Miaka tisa ilionekana muda wa haki kabisa. Ingekuwa mwakani wangeshuku.

Mimi nilibaki na ile kopi iliyokuzwa mkononi baada ya wao kutoka. Kulikuwa na kitu kingine chini ya maandishi, ukingoni mwa barabara. Mtu amesimama anasubiri kuvuka, amevaa koti zito la kufika magotini, kola imeinuliwa, na shingoni skafu. Mwanza. Koti. Nikatazama miti iliyo nyuma yake: ilikuwa imepukutika majani yote, matawi wazi kama ufagio wa chelewa. Nikajua. Aliyechora mji wetu alikuwa amechukua picha ya mji wa watu wa baridi, akaipachika kwenye mawe yetu, akasahau kumvua mtu koti.

Sikumwambia mtu. Nje walikuwa wanasubiri watu watano, kila mmoja ameshika mia mbili.

Aliyejaribu kusema ukweli alikuwa mzee mstaafu wa reli, mkaaji wa kudumu wa benchi langu. Baba yake alifanya kazi relini tangu njia ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, naye mwenyewe alizeekea stesheni. Aliishika kopi mbali na macho kama wafanyavyo wasio na miwani. "Reli haikati kona hivi," akasema. "Na hapa mmeipandisha kilimani. Tena nguzo za umeme ziko wapi? Hii inakula umeme, haili makaa." Wakamcheka. Mmoja akamwambia kwa upole, "Babu, hii ni ya kisasa." Akanigeukia mimi, maana nilikuwa mtu wa kompyuta. Nikajifanya natafuta rimu ya karatasi chini ya meza.

Mkutano wenyewe ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yetu yamegusa videvu. Waliokuja na mradi walikuwa wawili, vijana wenye adabu, na nina hakika mmoja wao alijiandaa kwa wiki nzima kueleza mitaro. Alieleza upana wa mtaro, akaeleza kina, akaeleza maji ya mvua yanavyoshuka kutoka kwenye milima ya mawe yanakimbilia Mto Mirongo kwa sababu hayana ardhi ya kunywea. Ni maelezo mazuri, leo ningelipa kuyasikia tena. Hakuna aliyemsikiliza. Mkono wa kwanza ulioinuka ukauliza: "Kituo kitakuwa wapi?"

"Kituo cha nini?"

Darasa likaangua kicheko, wakidhani anaficha siri ya serikali.

Alipoelewa, yule kijana alifungua mdomo kujibu, na naamini angesema kweli. Lakini meza kuu alikuwapo mwanasiasa, naye aliwahi kipaza sauti. "Ndugu zangu, mambo mazuri hayataki haraka." Ndivyo alivyosema, basi. Hakusema ipo, hakusema haipo. Watu wakapiga makofi kama kwenye harusi.

Kuanzia hapo treni ikawa na wenyewe. Mgombea mmoja wa uenyekiti wa mtaa akaahidi kituo mbele ya msikiti. Mpinzani wake akaapa kwamba treni hiyo itabomoa nyumba za wanyonge, na yeye akichaguliwa haitapita ng'o. Wote wawili walishika kopi zangu majukwaani. Wapo waliogombana kwa ngumi juu ya njia: itokee Igoma ifuate Barabara ya Nyerere, au itokee Buhongwa ifuate ya Kenyatta? Mtu wa Kirumba akasema bila kugusa mwaloni ni treni ya maonyesho tu. Mtaro, ambao ndio pekee uliokuwa unakuja kweli, haukuwa na mgombea.

Sasa nimfikie Mama Kulwa, maana ndiye ninayemwandikia haya.

Aliuza dagaa. Alfajiri alikuwa Kirumba mwaloni, saa mbili yuko mezani kwake karibu nami, anapima kwa kopo lililobonyea upande mmoja, na wateja wake walijua ule ubonyeo una thamani ya dagaa wangapi. "Mwangaluka," ananisalimia kila akipita, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata saa kumi jioni, kwa utani. Alinunua kopi moja. Akaiweka kwenye mfuko wa nailoni, akaikunja, akaifunga pembeni mwa kitenge pale anapoweka hela.

Wiki ya pili ya Novemba akaniambia kuna dalali amempatia nafasi kando ya Mirongo, karibu na daraja. "Wanasema kituo kitakuwa pale, mwanangu. Watu wakishuka wananikuta." Nafasi yenyewe laki moja na ishirini. Meza yake ya zamani, iliyomlea miaka kumi na moja na kusomesha pacha wawili, alikuwa ameshamwachia binti wa dada yake.

Hapa ndipo karatasi ya pili inapoingia. Mimi niliisoma. Mtu anayetoa kopi husoma vitu vya watu, hata asipotaka; mashine ikiwa inavuta pumzi utafanya nini? Kifungu kimoja kilisema eneo la mita 60 kutoka kingo za mto halitaruhusiwa shughuli yoyote, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sehemu aliyonunua Mama Kulwa, ukitema mate yanaangukia mtoni.

Kopi za karatasi ya kwanza nilishatoa mia nne na ushee. Za karatasi ya pili, kumi. Hakuna aliyeniomba ya kumi na moja.

Nilimwambia, "Mama, pale mto si unafurika?"

"Mto haufuriki mwaka mzima."

"Na treni hiyo, mama, sijui..."

"Wewe si ndiye uliyesema ni ya hapa?"

Alisema akicheka. Nami nikacheka. Ningeweza kuvuta droo, pale chini ya stepla, nikamtolea karatasi ya pili nikamsomea kifungu chenyewe, ingechukua dakika mbili. Akaja mteja wa pasipoti saizi, nikaenda kumpiga picha.

Aliyeahidi kituo alishinda uchaguzi. Masika yaliyofuata Mirongo ulifanya kama desturi yake, ukabeba gunia mbili na nusu za dagaa na meza. Akajenga nyingine. Baadaye wakapita na rangi nyekundu, wakaweka alama ya X kwenye mbao zake, safari hii mto wala haukuhusika. Dalali alishahamia Geita. Mama Kulwa akarudi juu, akakuta meza ya zamani mpwa wake ameshaiuza, akaanza upya chini, kwa kutandika turubai.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nimepata simu ya maana na bando la usiku, nikaandika yale maandishi, NW 23, pamoja na neno treni, kwa Kiingereza changu. Ikatokea. Ilikuwa ileile, mpaka vioo. Ni tramu ya Portland, mji wa jimbo la Oregon huko Marekani, ilianza kazi Julai 2001, mabehewa yake ya kwanza yalitengenezwa Jamhuri ya Cheki. NW ni kaskazini-magharibi: mji ule umegawanywa na Mto Willamette na barabara iitwayo Burnside, na anwani za kila upande hubeba herufi zake. Ishirini na tatu ni namba ya mtaa ambako tramu ilikuwa inaishia. Nikasoma mpaka saa nane usiku. Wao walikuwa na tramu za zamani zilizoachwa mwaka 1950, kisha wakarudi kwenye wazo lilelile. Palipokuwa na yadi za treni na maghala sasa pana maghorofa na migahawa. Kilichonikaa zaidi ni kwamba wenye majengo kando ya njia walitozwa sehemu ya gharama ya ujenzi, kwa kuwa ndio ambao mali zao zingepanda thamani. Nikamkumbuka dalali wetu. Naye alitoza watu kwa thamani itakayopanda, ila alisahau sehemu ya kujenga.

Mwaka 2019 Mama Kulwa aliingia dukani na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, vile vya shilingi elfu ishirini vilivyotolewa enzi za Rais Magufuli. Alitaka kopi abaki nayo nyumbani, asije akakipoteza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwangaluka." Ilikuwa saa tisa mchana.

Nikaweka kitambulisho kwenye kioo. Mashine ilikuwa nyingine, lakini sauti ni ileile. Sijui kilichonipata, nikachukua simu, nikamfungulia picha ya Portland, nikamwambia, mama, ile treni ni ya hawa, na mimi nilijua mapema. Niliona mtu amevaa koti la baridi.

Akasogeza simu mbali na macho, akamtafuta mtu mwenye koti, hakumwona, maana picha ilikuwa nyingine.

"Yule wa skafu?" akauliza. "Nami nilimwona. Nikasema huyu kajiandaa, Mirongo ukifurika hanyeshewi."

Akachukua kopi yake, akaikunja mara nne, akaifunga pembeni mwa kitenge. Nikamwambia hakuna malipo. Akaweka shilingi mia juu ya kioo, akatoka.