Fundi wa tatami wa Kyoto

Chumba nilichopanga Kyoto, Japani, kilinigharimu kuliko hoteli, na kitanda hakimo. Ni tatami sita, mikeka minene ya Kijapani, zimejaza sakafu nzima, na godoro jembamba la pamba limekunjwa kabatini. Bei iliniuma mpaka nilipovua ndara mlangoni nikakanyaga ndani: tatami inabonyea kidogo, na chumba chote kinanukia majani makavu.

Mahekalu niliyaona, watayasimulia wengine. Mimi nina habari za fundi.

Alikuja asubuhi, mzee mmoja, kuchukua tatami mbili zilizochakaa karibu na dirisha. Aliichomeka ndoano ubavuni mwa moja, akaiinua. Sikutegemea unene ule, kama sentimita tano, wala uzito wake. Yenye moyo wa mabua ya mpunga hufika kilo 30. Nikaomba kumfuata hadi karakanani, na mwenye nyumba akafuatana nasi kunitafsiria.

Alikata nyuzi za pindo, akabandua uso uliofumwa kwa nyasi za igusa. Ndani mabua yalikuwa yamegandamizwa na kushonwa hata kidole hakipenyi. Akatandaza uso mpya, akachukua sindano ndefu, na kila alipovuta uzi alikandamiza kwa kiwiko mpaka pindo likalala sawasawa. Uso ukichakaa kwanza hugeuzwa, baadaye ndipo hubadilishwa, lakini moyo ule ule huendelea miaka na miaka. Igusa yake hutoka Yatsushiro, mkoani Kumamoto, inakolimwa sehemu kubwa ya igusa ya Japani. Huvunwa kiangazi, ikachovywa kwenye maji ya tope kabla ya kukaushwa, na tope hilo huchangia harufu ile niliyoipenda. Wakulima wake wanapungua, kwani ya kutoka China ni rahisi.

Nikauliza malipo. Zaidi ya yeni 10,000 kwa kila tatami! Mwenye nyumba alitoa pesa kwa mikono miwili, akainama, hakuomba apunguziwe hata yeni moja.

Nikawakumbuka mama zetu wa Pemba. Wanakata ukindu, wanauanika, wanauchana, wanautia rangi, wanasuka ukili pima kwa pima, ndipo washone mkeka. Kazi ya wiki nzima na zaidi, kisha tunasimama mbele yao tukiwaambia wa plastiki dukani ni nusu ya bei. Inanikera, na nikirudi nitalipa bei watakayoitaja.