Majina Ndani ya Nyufa za Mawe

Nilishuka kituo kimoja kabla. Tramu namba 509 ikaondoka zake, upepo wa Ziwa Ontario ukanichapa usoni, na binamu yangu, mwenyeji wangu hapa Toronto, akabaki kucheka. "Si nilikwambia Bathurst, kaka?" Basi tukatembea kando ya maji kuelekea maghala ya zege ya Canada Malting, marefu na matupu, yaliyohifadhi kimea zamani. Karibu kila tuliyepishana naye alikuwa anakokota sanduku la magurudumu, akiwahi uwanja wa ndege wa kisiwani. Waliokata kona kuingia Ireland Park tulikuwa sisi wawili tu.

Nilipoambiwa bustani nilitarajia maua. Nilichokuta ni kipande cha gati, mawe meusi na sanamu tano za shaba za wahamiaji kutoka Ayalandi. Mmoja ameinua mikono juu, kama haamini kwamba ameona nchi kavu. Mwanamke mjamzito ameshika tumbo. Mwingine yuko chini, hana nguvu za kusimama. Aliyezitengeneza ni Rowan Gillespie. Wenzao, wale wanaoondoka, wamesimama Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, kando ya mto Liffey tangu 1997. Hawa wa Toronto ndio waliofika. Bustani ilifunguliwa 2007 na Mary McAleese, aliyekuwa Rais wa Ayalandi.

Waayalandi waliofika Toronto mwaka 1847, wakikimbia njaa baada ya viazi kuoza mashambani, walizidi 38,000. Mji wenyewe ulikuwa na watu kama 20,000. Hebu fikiria: kila mwenyeji mmoja, wageni karibu wawili, na wengi wao wana taifasi, homa inayoenezwa na chawa. Zaidi ya 1,100 walifia hapa.

Majina ya wengi wao yako kwenye ukuta, ila usitegemee kuyaona ukipita haraka. Ukuta umejengwa kwa nguzo za mawe ya chokaa yaliyotolewa Kilkenny, huko Ayalandi, zimesogeleana na kuachiana nyufa, na majina yamechongwa humo ndani, ubavuni mwa mawe. Ilinibidi niinamishe kichwa, niwashe tochi ya simu, nifuate herufi kwa kidole. Jiwe lilikuwa baridi kama chuma. Kwa maoni yangu huo ndio ufundi mkubwa wa mahali hapa, kuliko hata sanamu: jina la marehemu hulipati mpaka uiname.

Binamu yangu hakuvutiwa sana na jina la bustani. "Wangeiita ya wahamiaji wote," alisema, "na mimi ningepata pa kukaa." Nilimbishia. Jina la wote mara nyingi huwa si la mtu. Lakini nilimwelewa, na yeye alifika hapa na sanduku moja.

Tukapanda kuelekea mjini, makutano ya Adelaide na Widmer, kwenye bustani nyingine ndogo zaidi iliyobanwa na maghorofa, iliyofunguliwa 2021. Eneo hili ndilo lililokuwa na hospitali ya wahamiaji na mabanda ya wagonjwa. Bustani imepewa jina la Dakta George Robert Grasett, tabibu mkuu wa hospitali hiyo, aliyeambukizwa akiwatibu na kufa Julai 16, 1847. Mwanzoni nilinuna: wamekufa maskini zaidi ya elfu, jina kapewa daktari! Binamu, ambaye kazi yake ni kuhudumia wagonjwa, akanitazama kwa jicho kali. "Kwani yeye alilazimishwa kuingia mle bandani?"

Sikuwa na jibu. Kijana mmoja alikuwa amekaa pale akila chakula chake cha mchana, mfuko ameuweka pembeni. Alitusogezea mfuko tupate nafasi, tukakaa.