Kusimulia kile nilichokuwa nakikimbia

Tangu ile ajali ya gari, mlio wa breki tu ulitosha kunitoa jasho. Usiku nashtuka, mchana naikwepa barabara ile. Watu walinihimiza nisahau, nami nikajitahidi kweli kusahau. Kumbe kule kukwepa ndiko kulikokuwa kunaulisha ugonjwa wangu wa kiwewe (kwa Kiingereza, PTSD).

Mtaalamu wa saikolojia alinianzishia tiba iliyobuniwa na mwanasaikolojia Edna Foa: unafumba macho, unasimulia tukio zima kana kwamba linatokea sasa hivi, sauti inarekodiwa, kisha unaisikiliza nyumbani kila siku. Wiki ya kwanza nililia mpaka nikataka kuacha. Kwenye kikao cha sita hivi nilijikuta nasimulia na moyo umetulia. Ubongo ulikuwa umeanza kuelewa kwamba kumbukumbu si hatari yenyewe.

Madaktari wa akili wa Marekani waliutambua rasmi ugonjwa huu wa kiwewe kwa jina lake la sasa mwaka 1980 tu. Kabla ya hapo, ni wanajeshi wangapi waliitwa waoga! Inaniuma sana nikiwaza hilo.

Jana nimepita barabara ile. Mikono ilitetemeka kidogo, nikaendelea kuendesha.