Nilivyoipata ovataimu yangu mgahawani, Tanga

Wale mlioniambia "barista anaishi kwa tipu, mshahara ni wa nauli tu", hii ni yenu. Mi ndo barista, mtengeneza kahawa. Tipu gani Tanga hii jamani? Mtu anakalia kikombe kimoja cha late, kahawa ya maziwa, kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, anakula waifai, akiinuka anakwambia asante mdogo wangu, kahawa tamu. Basi.

Mgahawa uko upande wa Raskazone, jina naacha. Mshahara laki mbili na sitini hivi, mlango nafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga ni saa moja usiku, siku sita, umesimama na mashine inakupulizia mvuke usoni. Kikombe kikivunjika unakatwa wewe, hata kama kaangusha mtoto wa mteja. Na capuchino moja pale ni hela ambayo wazee wa Ngamiani wanapiga kahawa na kashata barazani siku kadhaa.

Kwanza tulikubaliana wafanyakazi wote tumvae bosi kwa pamoja, atulipe ovataimu, yaani masaa ya ziada. Usiku tukaapizana, mmoja akawa msemaji, ana sauti huyo kama mpiga debe. Asubuhi bosi kaingia, kauliza tu "nani ana shida?" Mmoja kakimbilia kuosha sinki, wa pili kasema yeye alitaka kujua maziwa yanakuja saa ngapi, na msemaji wetu, yule yule, kasema "bosi, barista ndo ana jambo lake". Nimebaki nimeshika kitambaa. Bosi kanijibu mkataba wangu hauna ovataimu. Mkataba wenyewe sijawahi kuuona, na sheria inataka masharti ya kazi nipewe kwa maandishi!

Binamu yangu akaniambia niandike masaa kwenye daftari. Daftari la nini, si atasema nimetunga?

Sasa sikilizeni. Bosi wetu hamwamini mtu, kwa hiyo alitoa amri mwenyewe: ukifungua piga picha tuma kwenye grupu la WhatsApp, ukifunga tuma picha ya ripoti ya siku ya mashine ya EFD, ile ya risiti. Yaani kila siku yangu imo mle, saa na dakika, na yeye kaweka dole gumba chini yake! Nilikaa usiku kucha napiga skrinishoti huku nacheka peke yangu, mke wangu akadhani nina mchepuko.

Hesabu ni hivi: mshahara wa mwezi gawa kwa 4.333 upate wa wiki, gawa tena kwa 45, maana ndo masaa ya kawaida ya wiki kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Yangu ikaja kama 1,333 kwa saa, ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 2,000. Ukitoa saa ya kula (unakula umesimama) nilikuwa napiga masaa 72 kwa wiki. Ziada 27. Elfu hamsini na nne kila wiki, karibu mshahara mwingine kamili! Tena ziada yenyewe mwisho ni masaa 50 kwa wiki nne, mi nilishapita zaidi ya mara mbili yake. Na makato ya vikombe lazima uelezwe kwa maandishi na upewe nafasi ya kupinga.

Nikajaza fomu ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, bure kabisa, ila msilale, madai kama haya ni ndani ya siku 60. Nakala unampelekea mwajiri kwanza. Nilimpa bosi pamoja na skrinishoti zake, kasoma ya kwanza, ya pili, kaomba maji.

Hata kwenye usuluhishi hatukufika. Tumepatana, sio yote, kalipa kwa mafungu mawili, nimemaliza deni la kodi ya nyumba na baiskeli nimechukua. Shifti sasa ziko mbili. Msemaji wetu naye analipwa ovataimu, salamu hanipi.

Ile amri ya picha bosi kaifuta. Mi bado napiga, natuma kwenye simu ya mke wangu.