Siku yangu na amplifaya za vali

Saa 2 asubuhi. Karakana yangu iko ndani ya tao la daraja la reli, kusini mwa London. Treni ikipita juu, bisibisi zinacheza mezani. Nachemsha chai, naangalia foleni: amplifaya nne za gitaa, moja tu ndiyo changa kuliko mimi.

Watu wakisikia natengeneza amplifaya za vali hudhani nabadilisha vile vichupa vya kioo, kama mtu anayebadilisha glopu ya chooni. Ingekuwa hivyo ningefunga saa 4 nikalale.

Saa 3 hadi 5 ni amplifaya moja ya Fender, ya Marekani, yenye kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) zilizokauka. Kabla ya kugusa kitu natoa umeme uliobaki ndani, maana hizi mashine zinaweza kushika volti 300 na zaidi hata plagi ikiwa mkononi mwako. Nagusisha rezista, kipande kinachounyonya umeme huo polepole, napima, napima tena, mkono wa kushoto mfukoni. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, njia yake ni moyoni.

Saa 5 na robo akaingia kijana wa Mombasa, anahema. Kabeba amplifaya ya Vox AC30 ya miaka ya 1960, iliyoundwa Dartford, si mbali na hapa. Mzigo wa kilo 30 na ushee.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Yataka vali tu. Nshanunua zote nne. Leo usiku nina shoo."

"Imewahi kufunguliwa?"

"Haijaguswa na mtu, wallahi."

Nikachomoa fyuzi. Imevishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, umeme upite hata ikiwa imeungua. Nikamtazama. Akatazama simu yake.

Nikaiunga kwanza kupitia glopu ya wati 100, hila niliyofundishwa na baba mdogo, fundi redio wa Tanga: kama kuna shoti, glopu inawaka kwa nguvu na mashine inapona. Haikuwaka sana. Nikaunga moja kwa moja, nikazima taa ya chumba. Dakika ya tatu, vali mbili za upande wa kulia, mabati yake ndani ya kioo yakawa mekundu kama kaa la moto. Zile mpya, alizonunua yeye!

Nikazima, nikahamisha: za kulia kushoto, za kushoto kulia. Wekundu ukabaki kulia. Basi ugonjwa haukuwa kwenye vali. Nikapima pini inayotakiwa kusoma karibu na sifuri, nikakuta volti 9. Kapasita moja inavujisha. Kipande hicho bei yake haifiki kikombe cha chai cha mjini.

Kukipata ni jambo moja, kukifikia ni jingine. Waya za miaka 60 zikiguswa vibaya zinapukutika gamba. Kijana anapiga simu: "Tayari, mjomba?" Nachomea kapasita nyingine kwa risasi. Anapiga tena. Nawasha, wekundu umekwisha, lakini sasa kuna mkwaruzo kama kuku anayeparura mabati. Hapo sikuangalia saa tena. Nikachukua kijiti cha kulia cha mkahawa wa Kichina, nikaanza kugonga kiungo kimoja kimoja, sikio kwenye spika, mgongo umepinda, chai ya asubuhi imeganda utando. Kiungo kimoja, viwili, thelathini. Kila treni ikipita inabidi nisubiri. Mwisho nikagonga soketi ya vali ndogo ya kwanza, ikalia krrr. Risasi ya kiungo imepasuka, ufa mwembamba kama unywele.

Akaja giza limeshaingia. Akachomeka gitaa, akapiga nyuzi mbili, akafumba macho. Na mimi nilisimama tu, uchovu ukanitoka kidogo.

Kisha akaiona bili.

"Kumbe ni kidude kimoja tu, mjomba?"

"Kimoja tu. Na siku nzima."

Akalipa. Tukaibeba wawili hadi kwenye gari. Akafunga mlango, akateremsha kioo:

"Mjomba, ile fyuzi ya zamani naomba, iwe ya akiba."

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia imepotea.